Namba ya Mjomba

Mjomba alinipigia simu akaniambia niende Ufukoni na kompyuta yangu. Kwetu mjomba akiita huulizi kwa nini. Ndugu wa mama ndiye mwenye neno. Nilimkuta barazani, miwani imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, na mbele yake bahasha ya kaki iliyovimba kwa vyeti. Alikuwa amepewa fomu na wakala anayetafuta mafundi wa kuchomelea mabomba kwa kazi ya Ghuba. Fomu yote ilikuwa ya Kiingereza.

"Mpwa wangu," alisema, "wewe ndiye tuliyekusomesha. Nijazie."

Tulijaza jina, namba ya pasipoti, aina ya vyuma anavyovijua. Tulikwenda vizuri mpaka swali la tisa: mara ya mwisho ulichomelea bomba chini ya mkaguzi lini? Mjomba alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati. Hakujibu.

Ili nieleze kwa nini swali la tarehe linaweza kumnyamazisha mtu mwenye karibu miaka 30 ya kazi, inabidi nianze na baba yake, yaani babu yangu mzaa mama.

Babu alivuka Ruvuma kwa miguu katika miaka ya 1950, akitokea nyanda za juu za Mueda. Upande ule Wareno walikuwa wakiwalazimisha watu kulima pamba na kufanya kazi za shuruti. Upande huu, ambako wenyeji waliwaita Wamavia, kulikuwa na mashamba ya mkonge yenye njaa ya watu. Tangu mwaka 1944 wakulima wa mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuajiri, SILABU, iliyokusanya vijana kutoka mikoa ya mbali na kuwasafirisha hadi mashambani. Wengine, kama babu, walijipeleka wenyewe.

Mtu wa aina hiyo hakuulizwa anajua nini. Alitazamwa kama ana nguvu, akapewa namba. Ndiyo maana watu hao waliitwa manamba, neno ambalo mpaka leo hutumika kumkejeli mtu anayefanyishwa kazi kama punda. Pamoja na namba alipewa kipande: kadi yenye nafasi 30, moja kwa kila siku ya kazi iliyokamilika. Ukiugua, nafasi inabaki tupu. Usipomaliza sehemu uliyopimiwa, inabaki tupu pia. Mshahara ulitoka kipande kikijaa, hata kama mwezi wa kalenda ulikuwa umepita zamani.

Babu alikuwa mchongaji. Mama anasema angeweza kutoa sura ya mtu katika gogo la mpingo bila kuchora mstari. Hapakuwa na nafasi ya kuandika hilo kwenye kipande. Mwenye shamba aliogopa kitu kimoja tu, mtu mvivu, na kadi ile ilitengenezwa kupima hofu hiyo.

Mji wa Mtwara aliorudi kuishi babu ulikuwa wenyewe umezaliwa na mradi wa watu wa nje. Waingereza walipotaka kulima karanga kwa wingi Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940, walihitaji bandari yenye kina na reli ya kuifikia. Mradi ulifutwa mwaka 1951. Bandari ilibaki, reli iling'olewa baada ya uhuru. Mwaka huohuo wa 1951 serikali ya kikoloni ilifungua shule ya ufundi Ifunda, karibu na Iringa. Fundi Mwafrika akaanza kupimwa kwa kile anachoweza kutengeneza.

Mtindo huo ukaendelea baada ya uhuru kwa majaribio ya ufundi, ambayo kila fundi wa zamani anayaita gredi. Gredi ya tatu ni ya chini, ya kwanza ni ya juu. Sheria ya mafunzo ya ufundi ilipitishwa mwaka 1974, kisha ile ya 1994 ikaunda VETA. Uzuri wa gredi ni kwamba hata aliyejifunzia mtaani aliweza kujiandikisha, akapewa mchoro, chuma na muda, akaonyesha mkono wake. Mjomba alijifunza kuchomelea kwa kushika taa na kufagia karakana ya mtu mwingine. Alipata gredi ya tatu mwaka 1997, na ya pili baadaye. Vyeti hivyo vimo ndani ya bahasha. Havina tarehe ya kuisha.

Kisha ikaja gesi. Iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, ikakaa chini zaidi ya miaka 20 kabla ya kuanza kuzalisha umeme wa Mtwara. Kuanzia 2010, visima vya bahari kuu vilipoleta habari kubwa zaidi, mji ulibadilika. Kodi za nyumba zilipanda. Kampuni ya BG Tanzania na shirika la VSO waliungana na VETA Mtwara kufundisha vijana kwa kiwango cha kimataifa, na vyeti vya City & Guilds ya London vikaanza kutolewa hapahapa kwetu. Wakati huohuo serikali ilitangaza bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, watu wakaingia barabarani Desemba 2012 wakisema gesi haitoki, na Mei 2013 mji ukawaka moto. Wengine walipoteza maisha. Bomba lilijengwa, likazinduliwa Oktoba 2015.

Mjomba alikuwa miongoni mwa waliosema gesi haitoki. Alikuwa pia miongoni mwa waliochomelea bomba la kuitoa. Nilipomuuliza anawezaje kuwa vyote viwili, alinijibu kwamba watoto hawali msimamo.

Ili apate kazi ile alifanya jaribio ambalo gredi zake hazikumwandalia. Wachomeleaji duniani kote wanaliita 6G. Vipande viwili vya bomba hufungwa kwa mlalo wa nyuzi 45, na haviruhusiwi kuzungushwa. Fundi ndiye anayezunguka: anaanzia chini akiwa amepinda shingo, anapanda ubavuni, anamalizia juu, na mkono usitetemeke. Mstari wa kwanza kabisa, ule wa ndani, ndio unaoamua. Baadaye eksirei hupita, na tundu dogo lisiloonekana kwa jicho linatosha kukurudisha nyumbani. Mwenye bomba haogopi uvivu. Anaogopa kuvuja.

Mjomba alifaulu, akapewa namba. Kila mshono aliouchomelea, namba yake iliandikwa kando na katika daftari la ukaguzi, ili ukivuja leo au baada ya miaka mingi ijulikane ni mkono wa nani. Baba yake alipewa namba, jina likafa. Yeye namba yake anaitaja kama mtu anavyotaja jina la mtoto. Ipo chini ya ardhi, katika bomba la inchi 36.

Lakini sifa hii ina sharti ambalo hakuna aliyemweleza mapema. Kwa kanuni za ASME, chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, ambazo kampuni nyingi za mafuta na gesi huzifuata, mchomeleaji anayekaa miezi 6 bila kutumia njia aliyopimwa kwayo, chini ya usimamizi wa mwajiri anayeweka kumbukumbu, sifa yake inakwisha. Tena mwajiri mpya kwa kawaida humpima upya. Mjomba hajawahi kuacha kuchomelea: mageti, grili za madirisha, tela za mkokoteni. Ila geti la jirani haliingii katika daftari la mkaguzi yeyote.

Kazi yake ya bomba iliisha Novemba 2014. Miradi ya bahari kuu ikasimama ikisubiri kiwanda cha Likong'o, Lindi, ambacho mpaka leo hakijajengwa. Tumaini likahamia ng'ambo ya Ruvuma, rasi ya Afungi karibu na Palma, ambako Total ya Ufaransa ilichukua mradi wa gesi mwaka 2019. Mjomba alipanga kuvukia Kilambo, kwa mto uleule wa baba yake, safari hii akielekea kusini. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka wao, wakashambulia kijiji chetu cha Kitaya. Machi 2021 walivamia Palma, na mwezi uliofuata Total ikasimamisha mradi. Hakuna jaribio la fundi linaloandaa mtu kwa hayo.

Nilimkumbusha kuhusu urasimishaji wa ujuzi. Siku hizi VETA hupeleka wapimaji mahali pa kazi. Wanamtazama fundi aliyejifunzia mtaani, wanamwongezea anachopungukiwa, wanampa cheti. Naupenda mpango huu, kwa sababu katika historia yote niliyosimulia ndio wa kwanza kuanza na swali la kile ambacho mtu anakijua tayari. Mjomba alisikiliza kwa adabu. "Ni kizuri kwa vijana," alisema. "Hiki cha Ghuba wanataka eksirei."

Tukarudi kwenye swali la tisa. Nilikuwa na jibu rahisi vidoleni. Niandike mwaka jana, nikasema. Nani atajua?

"Bomba litajua," alisema mjomba. "Andika Novemba 2014."

Nikaandika.

Wiki iliyofuata nilimkuta kwenye karakana ya rafiki yake, amenunua vipande vya bomba chakavu kwa pesa ya geti, amevifunga kwa mlalo wa nyuzi 45. Alikuwa amepiga magoti chini yake. Alipomaliza alinipa tochi, akaniambia nichungulie ndani, macho yake hayaoni vizuri kwa karibu. Niliona mstari umekwenda sawa karibu mzunguko mzima, isipokuwa upande wa chini, ambako palikuwa na shimo dogo kama tundu la sindano.

Nilimwambia. Akachukua grenda, akakata, akaanza upya.