Jinsi vihisi vinavyosaka hitilafu katika nyaya za umeme

UMEME unapokatika mtaani Baba Dogo, mashariki mwa jiji la Nairobi, kazi ya fundi huanza kwa kusaka. Fyuzi iliyoungua hubadilishwa kwa dakika chache na waya uliokatika huunganishwa kwa muda usio mrefu, lakini kabla ya hayo sharti ijulikane ni nguzo ipi, transfoma ipi au kebo ipi yenye kasoro. Ndiyo sababu kampuni za umeme duniani zimekuwa zikiweka vihisi katika nyaya zao, yaani vyombo vidogo vinavyopima mkondo, volti, joto au mtikisiko na kutuma habari kituoni bila kusubiri mtu apige simu.

Baba Dogo, iliyo katika eneobunge la Ruaraka, ni miongoni mwa sehemu ambako habari hizo zinahitajika mno. Viwanda na maghala vimepakana na nyumba za kupangisha, vibanda vya kuchomelea vyuma, saluni na vinyozi, na jirani upo mtaa wa mabanda wa Korogocho. Saa moja bila umeme humkosesha kinyozi riziki ya asubuhi nzima. Kiwandani, plastiki iliyoyeyushwa huganda ndani ya mtambo. Na iwapo umeme umekatika kwa sababu waya umeanguka njiani, suala hugeuka kuwa la kufa na kupona.

Safari ya umeme hadi mtaani

Umeme wa gridi ya taifa husafirishwa kwa nguvu ya volti 400,000, 220,000 au 132,000. Ukifika Nairobi hupunguzwa hadi volti 66,000, kisha vituo vidogo huupunguza tena hadi volti 11,000. Laini za volti 11,000 ndizo zinazopita juu ya nguzo za mitaani. Transfoma zilizotundikwa kwenye nguzo huushusha umeme huo hadi volti 415 kwa mashine za fezi tatu, na volti 240 kwa matumizi ya nyumbani.

Katika ngazi za juu, umeme huangaliwa usiku na mchana. Kituo cha kitaifa cha kudhibiti gridi hupokea vipimo kutoka mitambo ya kuzalisha na laini za kusafirisha kupitia mfumo wa kompyuta unaojulikana kama SCADA. Ndiyo maana chanzo cha hitilafu kubwa hakikawii kujulikana. Mnamo Juni 7, 2016, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na umeme ukapotea nchi nzima kwa zaidi ya saa tatu. Kampuni ya KenGen ilitangaza kisa hicho bila kukawia, kwa kuwa kituo kina wahudumu na vipimo.

Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa kuboresha mfumo wa umeme nchini Kenya. Miongoni mwa malengo yake ilikuwa kuiwezesha kampuni ya Kenya Power kuangalia laini za usambazaji na kuendesha swichi zake kutoka mbali.

Hata hivyo, kadiri umeme unavyokaribia mlango wa mteja ndivyo macho ya kampuni yanavyopungua. Swichi kuu ya laini ya volti 11,000 ikijikata yenyewe, kituo kinaweza kujua papo hapo. Lakini fyuzi ya transfoma moja ikiungua, swichi hiyo haitambui lolote, maana sehemu nyingine zote za laini zingali na umeme. Nyumba zilizounganishwa kwenye transfoma hiyo hukaa gizani hadi mmoja wa wakazi apige simu.

Mita za tokeni, ambazo wengi wanazo majumbani, haziwezi kuripoti giza hilo kwa kuwa hazina njia ya kuwasiliana na kampuni. Jambo hili lilidhihirika mwaka 2024, wakati mita za aina hiyo kote duniani zilipohitaji kubadilishiwa mpangilio kabla ya Novemba 24. Nchini Kenya, wateja walilazimika kubofya wenyewe misururu ya tarakimu 20 ili mita ziendelee kupokea tokeni.

Vionyeshi vya hitilafu

Njia ya kale ya kusaka hitilafu ni kuigawa laini. Mafundi hukata swichi iliyo katikati, kisha kituo hujaribu kurudisha umeme kwenye nusu ya kwanza. Umeme ukikaa, hitilafu iko nusu ya pili. Ukikatika tena, iko nusu ya kwanza. Zoezi hurudiwa hadi sehemu yenye kasoro ipatikane. Ubaya wake ni kwamba kila jaribio linalorudisha umeme penye hitilafu hupitisha mkondo mkubwa unaoumiza nyaya na transfoma, na kumhatarisha yeyote aliye karibu na waya ulioanguka.

Kihisi rahisi zaidi ni kionyeshi cha hitilafu. Chombo hiki hubanwa kwenye waya na hupima mkondo kwa kuhisi nguvu ya sumaku inayouzunguka. Mkondo ukipanda ghafla kisha ukakatika, chombo huhifadhi kumbukumbu hiyo na kuwasha taa inayoonekana kutoka chini. Vya kisasa hutuma pia ujumbe kwa mtandao wa simu za mkononi.

Chukulia mfano wa laini ya kilomita 3 yenye nguzo 60. Vionyeshi vitatu vikipangwa kwa nafasi sawa, laini hugawanyika sehemu nne za nguzo 15 kila moja. Kwa kuwa mkondo wa hitilafu hutoka kituoni hadi penye kasoro na kuishia hapo, vionyeshi vilivyo kabla ya kasoro huwaka na vilivyo mbele yake hunyamaza. Ikiwa cha kwanza na cha pili vimewaka na cha tatu kimenyamaza, fundi atakagua nguzo 15 badala ya 60, wala hatahitaji kujaribu kurudisha umeme mara kwa mara.

Kupima umbali kwa hesabu

Laini ndefu huwa na njia nyingine. Kadiri waya unavyokuwa mrefu ndivyo unavyozuia mkondo zaidi. Kwa hiyo, chombo cha ulinzi kilicho kituoni kikipima volti na mkondo wakati wa hitilafu, kinaweza kukadiria umbali wa kasoro. Mhandisi Mmarekani Edmund Schweitzer aliwezesha kazi hiyo kufanywa na kompyuta ndogo alipotoa chombo cha ulinzi cha kidijitali mwaka 1984.

Njia iliyo sahihi zaidi hufuata wimbi. Hitilafu inapotokea, mshtuko wa umeme husafiri pande zote mbili za laini kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, takriban mita 300 kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde. Vihisi vilivyo kwenye ncha mbili za laini hurekodi wakati wimbi lilipofika, kwa saa zinazolinganishwa kupitia setilaiti. Ikiwa laini ni ya kilomita 20 na wimbi limefika ncha ya kwanza mapema kwa sehemu 20 za milioni ya sekunde, tofauti ya safari ni kilomita 6. Hitilafu basi iko kilomita 7 kutoka ncha hiyo na kilomita 13 kutoka ya pili.

Ufundi huu hufaa zaidi laini za kusafirisha umeme kuliko zile za mitaani, ambazo zina matawi mengi yanayolitawanya wimbi.

Hitilafu zinazojificha

Hitilafu ya hatari kuliko zote huenda isikate umeme kabisa. Waya wa volti 11,000 ukianguka juu ya lami au changarawe kavu, mkondo unaoingia ardhini unaweza kuwa mdogo kuliko ule wa matumizi ya kawaida. Swichi ya kituo haijikati, na waya hubaki na umeme mahali watoto wanapopita. Vihisi vinavyochunguza umbo la mkondo hutafuta misukosuko inayosababishwa na cheche, lakini hadi sasa hakuna mbinu inayohakikisha kwamba kila waya ulioanguka utagunduliwa.

Hitilafu nyingine hujijenga taratibu. Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, umeme wa kuunganishwa kiharamu, maarufu kama 'sambaza', huilemea transfoma kwa mzigo usiojulikana na kampuni. Kihisi cha joto na mkondo kilichowekwa kwenye transfoma huweza kutoa onyo kabla haijaungua. Vilevile, kiasi cha umeme unaotoka kikilinganishwa na jumla ya mita za wateja, pengo litaonyesha ukubwa wa umeme unaopotea.

Wizi nao una dalili zake. Transfoma zimekuwa zikivunjwa kwa ajili ya mafuta na shaba, makosa yanayoadhibiwa chini ya Sheria ya Kawi ya mwaka 2019. Januari 11, 2022, minara ya laini ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka na umeme ukapotea nchi nzima. Uharibifu wa makusudi ukatajwa kuwa chanzo. Kihisi cha mtikisiko au cha mwinamo kinaweza kutuma tahadhari vyuma vinapoanza kulegezwa, mradi kuwe na askari au fundi wa kufika kwa wakati.

Funzo kutoka Accra

Mji mkuu wa Ghana, Accra, ulijaribu njia tofauti kuanzia mwaka 2018. Badala ya kupanda nguzoni, watafiti kutoka vyuo vikuu vya Marekani, kikiwemo cha California kilichoko Berkeley, waliweka mamia ya vihisi katika soketi za majumba na biashara. Kila kihisi kilikuwa na betri na laini ya simu. Umeme ulipokatika, kilituma habari hiyo. Uliporudi, kilifanya vivyo hivyo, na katikati kikipima iwapo volti zinatosha.

Kihisi kimoja hakisemi mengi, maana huenda mwenye nyumba amekichomoa tu. Lakini vihisi kadhaa vya jirani vikizima kwa wakati mmoja, hapana shaka umeme umekatika, na mpangilio wao kwenye ramani hudokeza kama kasoro iko kwenye transfoma moja au laini nzima. Mbinu hii hugusa sehemu ile ile ambayo mitambo ya vituoni haiioni, nayo haimlazimu fundi kupanda nguzo.

Mipaka ya vihisi

Vihisi havirekebishi kitu. Vile vinavyotegemea mtandao wa simu hushindwa pale mtandao unapozimika pamoja na umeme. Betri huchakaa, na vyombo vyenyewe huweza kuibwa. Kampuni yenye zaidi ya wateja milioni 9, kama Kenya Power, haiwezi kuweka chombo kila mahali, hivyo hulazimika kuchagua. Kwa kawaida, anayefikiriwa kwanza ni mteja mkubwa: viwanda huwekewa mita erevu mapema, ilhali nyumba za jirani hubaki na mita zisizotoa habari. Katika Baba Dogo, pande hizo mbili zinaweza kutenganishwa na ukuta mmoja tu.

Mradi pengo hilo lipo, ripoti ya mkazi itaendelea kufanya kazi ya kihisi. Kenya Power hupokea ripoti kwa simu 97771 na kwa kubofya *977#. Ripoti yenye manufaa hutaja nambari ya mita, saa umeme ulipokatika, iwapo majirani nao wako gizani, na alama iliyoandikwa kwenye nguzo au transfoma iwapo inasomeka kutoka mbali. Mlio au cheche zilizoonekana zitajwe pia. Anayeona waya chini auchukulie kuwa una umeme hata kama mtaa mzima uko gizani, akae mbali nao na kuwazuia wengine wasiukaribie hadi mafundi wafike.