Bata wa Shaba wa Rumanyika na Jina la Giza

Mukama, yaani mfalme, Rumanyika wa Karagwe, kaskazini-magharibi mwa Tanzania ya leo, alipompokea msafiri Henry Morton Stanley mwaka 1876, alimwonyesha nyumba ya hazina yake. Mle ndani mlikuwa na mikuki, bata wa shaba ya njano wenye mabawa ya shaba nyekundu, na ng'ombe wa shaba wasio na vichwa. Stanley aliviandika vyote. Miaka miwili baadaye kitabu chake kikatoka, na jina la kitabu hicho likatangaza kwamba mwandishi amepita katika Bara la Giza.

Giza hilo halikuzaliwa Afrika. Katika karne ya 14, Petrarch, mshairi wa Italia, aliita hivyo karne zilizofuata kuanguka kwa Roma, kwa uchungu kwamba ufasaha na elimu ya Warumi vimetelekezwa. Alikuwa akiwalaumu watu wa kwao. Mwaka 1550 Giorgio Vasari akazungumzia kuzaliwa upya kwa sanaa. Mwaka 1784 Immanuel Kant akaeleza Zama za Mwangaza ni nini. Waliojipa nuru waliwaachia giza waliowatangulia. Katika karne ya 19 jina la wakati likawa jina la mahali, likabandikwa kwetu, nalo likaganda: hata mwaka 1963 Hugh Trevor-Roper, profesa wa Oxford, alidai kwamba ukiondoa habari za Wazungu, yaliyopita ya Afrika kwa sehemu kubwa ni giza.

Wanyambo, watu wa Karagwe, wao waligawa wakati kwa watawala wao: Ruhinda na waliomfuata, hadi Ndagara na mwanawe Rumanyika. Ukisema enzi ya Ndagara umetaja uhunzi, kwani simulizi humhusisha mukama huyo na ng'ombe wadogo wa chuma wa Bweranyange, makao makuu ya ufalme, waliofuliwa pembe zikapinda kama za ng'ombe hai. Mwanahistoria Israel Katoke aliutegemea mfululizo huo wa watawala katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ufalme wa Karagwe.

Mwanafunzi wa Nyabiyonza, huko huko Karagwe, leo hujifunza Zama za Mawe na Zama za Chuma, mgawanyo wa Christian Thomsen aliyepanga vitu vya makumbusho huko Copenhagen. Katikati Thomsen aliweka Zama za Shaba, ambazo huku kwetu hazikuwapo. Chuma kilifuata mawe moja kwa moja. Mgawanyo huo una faida yake, ila hautaji mhunzi hata mmoja. Natamani mwalimu aandike ubaoni, kando ya Zama za Chuma, jina la Ndagara.