Mgonjwa Akifika Konza: Makabidhiano Salama ni Yapi?

Aliyewahi kusindikiza mgonjwa wa rufaa kutoka Mombasa kwenda Nairobi anaijua Konza. Mtito Andei, Makindu na Emali zimebaki nyuma, na katika safari ya karibu kilomita 480 zimesalia 60 hivi. Wakati huo mhudumu wa ambulensi ndiye amjuaye mgonjwa kuliko mtu yeyote: presha ilishuka wapi, oksijeni iliongezwa saa ngapi, dawa gani aliitapika. Muda si mrefu atamwachia mtu ambaye hajawahi kumwona. Watu huiogopa ile barabara, na wana haki, lakini mlango wa hospitali nao una hatari yake.

Makabidhiano ni pale mtaalamu mmoja wa afya anapompa mwenzake mgonjwa pamoja na dhamana yake. Hufanyika kila zamu inapobadilika, mgonjwa anapotolewa thieta kupelekwa wodini, na zahanati inapompeleka hospitali kubwa. Shirika la Afya Duniani liliyaweka mwaka 2007 miongoni mwa mambo tisa ya kushughulikiwa ili wagonjwa wawe salama.

Miaka kadhaa nyuma tulimpeleka shangazi yangu Nairobi. Sindano yake ya sukari alidungwa kabla ya kuondoka, lakini haikuandikwa popote. Tulipofika, muuguzi alikuwa ameshaandaa nyingine. Alhamdulillahi binti yake aliuliza, "Hiyo ni ya nini?" Hakuna aliyekuwa mzembe pale. Kila mmoja alifanya kazi yake, ila habari haikuvuka kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Wengine hawakubahatika. Oktoba 2015 majeruhi mmoja alikaa saa 18 ndani ya ambulensi jijini Nairobi kwa kukosa kitanda cha wagonjwa mahututi. Kilipopatikana Kenyatta, hakuishi. Mwaka 2018, katika hospitali hiyo hiyo, vibandiko vya majina vya wagonjwa wawili vilichanganywa. Mmoja alikuwa na damu iliyoganda kichwani, mwingine uvimbe usiohitaji kisu. Aliyefunguliwa fuvu ni huyo wa pili, na madaktari waligundua baada ya saa kadhaa wakiitafuta damu wasiione. Kisa cha kwanza kilikosa mpokeaji, cha pili kilikosa kuhakikisha ni nani anayepokewa.

Dawa yake haina gharama kubwa. Utaratibu unaotumika sana leo ulianzia kwa wanamaji wa nyambizi za Marekani, kisha madaktari wakaufanya wao. Anayekabidhi husema mambo manne kwa mpangilio: hali ya mgonjwa sasa hivi, alikotoka na ugonjwa wake, pamoja na mzio na dawa alizopewa na saa zake, yeye mwenyewe anaonaje tatizo, na nini kifanywe sasa. Mpokeaji naye hurudia aliyoyasikia. Hapo kwenye kurudia ndipo wengi huruka, ilhali ndipo kosa linapokamatwa. Hospitali tisa za watoto za Marekani na Kanada zilipowafundisha madaktari wao makabidhiano ya namna hii, matokeo yaliyotolewa 2014 yalionyesha makosa ya tiba yamepungua kwa asilimia 23, na madhara yanayoepukika kwa asilimia 30.

Sisi tumeamrishwa tukikopeshana tuandikiane na tuweke mashahidi. Basi roho ya mtu ndiyo ipitishwe kwa maneno ya haraka haraka korido?

Konza hiyo hiyo ndiko kuliko na kituo cha taifa cha data, na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 inataka rekodi za mgonjwa zimfuate kutoka hospitali moja hadi nyingine. Ni jambo jema, nami naliunga mkono. Lakini kompyuta husema kile ilichoandikiwa tu. Sindano ya shangazi isiyoandikwa karatasini isingeandikwa kwenye mtambo pia. Na mtandao ukipotea njiani, karatasi bado ina kazi.

Jamaa wa mgonjwa nao wana sehemu yao. Andikeni jina lake kamili, maradhi yake, dawa na saa aliyopewa ya mwisho, na dawa asizopatana nazo. Bebeni dawa zenyewe na pakiti zake. Barua ya rufaa isibaki kwa dereva. Mgonjwa akipokewa, simameni karibu msikilize, na likitajwa jina au dawa isiyo yake, semeni hapo hapo, kwa adabu lakini kwa sauti.

Kabla ya kuondoka Pwani, ulizeni kitanda kimethibitishwa na nani. Mkifika Konza mwombeni mhudumu apige simu tena wodini, aeleze hali ilivyo wakati huo na apate jina la atakayepokea. Kilomita 60 zinatosha mtu huyo kutandika kitanda na kutayarisha oksijeni.