Daftari la Mwalimu na Nyumba Yenye Njaa

Katika kitabu hiki cha yubile mtasoma habari nyingi za makanisa yaliyojengwa, na za maaskofu na makasisi waliotutangulia. Mimi nimepewa kuandika habari ya njaa na shule. Huenda mtu akauliza, Njaa ina neno gani katika kitabu cha furaha? Jibu langu ni hili: hapa Ugogo habari ya kanisa na ya shule haiwezi kusimuliwa kwa kweli bila kuitaja njaa.

Nchi yetu mwaijua. Twapata mvua ya msimu mmoja tu, yaanza yapata Desemba na kukoma Aprili. Jua likiwaka majuma matatu wakati uwele na mtama vinapotoa masuke, kazi yote ya mwaka hupotea. Ndipo watu huanza kula mboga za porini na ubuyu, na vijana huondoka kwenda kutafuta kibarua. Basi tangu wamisionari wa C.M.S. walipofika Mpwapwa mwaka 1876, na tangu kituo cha Mvumi kilipoanzishwa mwaka 1900, kila mwalimu aliyefundisha katika nchi hii amewafundisha watoto ambao miaka mingine walikuja bila kula.

Njaa iliyozidi zote katika kumbukumbu za wazee ni ile iitwayo Mtunya. Haikuletwa na jua peke yake. Vita vya mwaka 1914 vilipoanza, Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka za watu kwa ajili ya askari wao. Waingereza walipoingia Dodoma mwezi wa Julai mwaka 1916, nao walitaka chakula na wapagazi, hata nguvu za kulima zikapungua na ghala zikawa tupu. Mvua ikakosa, na homa kubwa ya mafua ya mwaka 1918 ikawakuta watu wamekwisha dhoofika. Yakadiriwa kwamba katika watu wapata 150,000 wa wilaya, watu wapata 30,000 walikufa kabla njaa haijakwisha mwaka 1920. Wazazi wengine waliwatoa watoto wao kwa watu wenye chakula, ili wapate kuishi.

Na shule wakati ule zilikuwa wapi? Katika vita hivyo Wajerumani waliwafunga wamisionari Waingereza, na walimu wa Kiafrika wengi walifungwa pamoja nao, wakateswa kwa kudhaniwa kuwa wapelelezi, hata Tabora ilipotekwa Septemba 1916. Nalitafakari sana jambo hili. Vita vilipomwondoa mwalimu kijijini, vilimwondoa mtu aliyewajua watoto kwa majina yao, na aliyeona kila asubuhi ni nani aliyekuja na ni nani asiyekuja.

Baada ya vita shule zilijengwa tena, na Dayosisi ya Tanganyika ya Kati ilipoanzishwa mwaka 1927, chini ya Askofu George Chambers, kazi ya elimu iliendelea kukua. Lakini shule na chakula zilihesabiwa kuwa mambo mawili mbalimbali: shule ni ya akili, chakula ni cha nyumbani.

Wamisionari wale waliotuletea shule walitoka Uingereza, basi yafaa tujue kwamba hata kwao watoto walikwenda shuleni na njaa. Mwaka 1906 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuwapa ruhusa wakuu wa elimu katika miji kuwalisha watoto wenye njaa. Wakati ule mtu mzima aliyepokea msaada wa maskini aliweza kupoteza haki yake ya kupiga kura. Sheria hii ilisema kwamba mzazi asiyeweza kulipia chakula cha mtoto wake shuleni asinyimwe kura kwa ajili hiyo. Waliona kwamba msaada ukija pamoja na aibu, mzazi atamficha mtoto wake kuliko kuupokea.

Katika mji wa Bradford, penye viwanda vya sufu, watoto wapata 40 walilishwa na kupimwa uzito katika mwaka 1907. Uzito ukapanda vizuri. Ikaja likizo ya Pentekoste, chakula kikakoma, na uzito ukashuka. Hapo ikawa wazi kwamba njaa haikukaa shuleni, ilikaa nyumbani, ikimngoja mtoto arudi. Kwa hiyo mwaka 1914 sheria iliongezwa, watoto wapate kulishwa hata siku zisizo za masomo. Na katika mji wa London ziliwekwa kamati za watu wa kujitolea, ambao walikwenda nyumbani kwa watoto hao na kuuliza habari za jamaa yote.

Sisi nasi tumejifunza somo hilo kwa njia yetu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, kila shule ilitakiwa iwe na shamba, na watoto wajue jembe pamoja na kalamu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Shirika la Chakula Duniani lilileta chakula katika shule za sehemu kavu, na Ugogo ikiwamo. Watoto walikunywa uji asubuhi na kula makande mchana.

Kisha mwaka 2010 lilitokea jambo lililotugusa sisi hasa. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulianza kujaribu kutoa fedha kwa nyumba zilizo maskini kabisa, katika wilaya tatu: Bagamoyo, Kibaha, na Chamwino yetu. Wanakijiji wenyewe, kwa kamati zao, ndio walioshiriki kuzitambua nyumba hizo. Fedha ilitolewa kila miezi miwili, kwa sharti kwamba watoto wa shule wahudhurie siku zisizopungua 80 katika kila 100, na wadogo wapelekwe kliniki. Walipochunguza matokeo, waliona kwamba watoto wa nyumba zilizosaidiwa, hasa wasichana, walizidi kumaliza darasa la saba. Miaka iliyofuata kazi hiyo ilienea nchi nzima.

Fahamuni, enyi walimu, maana ya sharti lile. Daftari la mahudhurio, ambalo zamani lilikuwa kitabu cha shule tu, limekuwa mlango wa nyumba ya maskini. Alama mnayoitia yaweza kuleta unga, na yaweza kuupunguza, kwa maana mtoto asipotimiza siku zake, fedha ya nyumba yaweza kukatwa. Nayo nyumba ambayo mtoto wake hakosi ila kwa sababu ya njaa ndiyo yenye haja kupita zote.

Niseme kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa kijana nalifundisha katika shule moja, na katika miezi ya Januari na Februari, wakati ghala zinapokwisha, mtoto mmoja wa darasa la tatu alikosa siku mbili au tatu kila juma. Nikamwandika mtoro, nikamwaibisha mbele ya wenzake. Siku moja nikapita kwao jioni. Jikoni mlikuwa baridi. Mama yake alikuwa amekwenda kulima shamba la watu kwa ujira wa kibaba cha mahindi, na mtoto yule ndiye aliyekaa na mdogo wake. Katika daftari langu sikuwa nimeandika uongo, kwa maana kweli hakuwapo. Lakini nilikuwa nimeandika nusu ya habari, na ile nusu iliyosalia ndiyo iliyokuwa na maana. Nikamwambia mzee wa kanisa, naye akapeleka debe la mtama usiku, wala hakulitangaza. Mtoto akarudi. Tangu siku ile naliogopa neno mtoro.

Wahenga walisema, Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mwalimu hana ruhusa ya kutojua, kwa kuwa kila asubuhi huwaita watoto kwa majina. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali, nasi twashukuru. Lakini katika shule nyingi za kutwa chakula cha mchana kimekuwa juu ya wazazi, na nyumba isiyo na debe la kutoa ndiyo isiyo na chakula cha jioni vilevile. Kumtenga mtoto wa nyumba hiyo na sufuria ya shule kwa sababu mchango wake haukuletwa ni kumwadhibu kwa njaa ile ile iliyomleta.

Twasoma katika Matendo ya Mitume kwamba wajane wengine walisahauliwa katika huduma ya kila siku, nao Mitume hawakusema kwamba ni jambo dogo. Waliamuru wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wakawekwa juu ya kazi ile. Kanisa la kwanza lilijua kwamba kuwa na chakula hakutoshi. Lazima awepo mtu wa kujua ni nani aliyepitwa.

Basi shauri langu kwa kila mtaa ni hili. Mwalimu aonapo jina linakosa mara kwa mara katika miezi ya njaa, asiandike kabla hajauliza. Aende nyumbani pamoja na mzee mmoja wa kanisa, wakati wa jioni, bila kelele. Wakiona haja, wampe habari mwenyekiti wa kijiji, ili nyumba ile isisahauliwe wakati kamati inapoandika majina. Na wakati wa mavuno kila jamaa itenge pishi moja kwa ghala ya mtaa, ili likizo isiwe kwa watoto wetu kama ile Pentekoste ya Bradford.

Waliokufa katika Mtunya hatuwezi kuwarudisha. Lakini majina ya watoto wa leo tunayo, yameandikwa katika madaftari yetu. Mungu atupe macho ya kuyasoma vema.