Mfalme Aliyesubiri Maji Yapwe

Kichekesho cha kale kuliko vyote ninavyovijua kutoka Kilwa kinahusu mtu aliyesimama ufukweni akisubiri maji yapwe.

Kimo ndani ya Kitab al-Sulwa, tarihi ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, ambayo nakala yake iliyotoka Zanzibar mwaka 1877 imehifadhiwa London. Tarihi inasimulia kwamba Washirazi walipofika Kilwa waliambiwa kisiwa kina mwenyewe, mfalme wa bara, naye amekwenda kuwinda. Aliporudi, mgeni akamwomba amuuzie kisiwa. Mfalme akataja bei: nguo za rangi za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Mgeni akalipa. Mfalme akabeba nguo zake, akavuka kwenda bara, lakini moyoni alikuwa na lake. Alikusudia kurudi na askari, amuue mgeni, kisiwa kiwe chake tena na nguo zibaki kuwa zake.

Zamani hizo, tunaambiwa, maji yakipwa watu walivuka kwa miguu. Mwislamu mmoja aliyekuwa akiishi pale akamtonya mgeni, nao wakauchimba mkondo. Mfalme akaja na watu wake, akakuta maji yamejaa. Hakuwa na wasiwasi. Akangoja yapwe, kama siku zote. Hayakupwa. Akazidi kungoja. Mwisho akakata tamaa, akarudi kwake na majuto.

Anayeujua mlango wa Kilwa anacheka mara mbili. Maji yale yana kina cha kupitisha meli kubwa, na ndiyo yaliyoifanya Kilwa kuwa bandari. Kuyachimba kwa majembe ni kazi ya hadithi. Lakini utani wenyewe uko kwenye kule kungoja. Toka Kilwa hadi Lindi maisha hufuata maji. Kuna bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapokwenda mbali na wanawake wakashuka mwambani na vijiti vyao kuchokoa pweza. Kuna maji mafu, unaporudi na kikapu chepesi. Kila mtu wa pwani amewahi kusimama akitazama maji na kusema, "Bado kidogo." Mwandishi wa tarihi alikuwa na nafasi ya kutupa vita, damu na farasi. Akatupa jambo ambalo wasomaji wake walilifanya kila siku, kisha akalirefusha mpaka likawa kichekesho.

Kununua ardhi kwa hila si jambo la Kilwa peke yake. Katika Aeneid ya Virgil, Dido anapata mahali pa kuijenga Carthage kwa kununua ardhi inayotosha ngozi ya ng'ombe. Wasimulizi wanaeleza kwamba aliikata ile ngozi kuwa nyuzi nyembamba, akazungushia kilima kizima. Hila ya ngozi ingeweza kutokea popote penye ng'ombe. Mfalme anayengoja maji ni wetu.

Nalisema hili kwa sababu sisi vijana tunaoandika hadithi za kubuni huku tukisoma uzamili tuna desturi moja. Mtu akitamka kwamba anaandika riwaya ya Kilwa, tayari tunajua sura ya kwanza: dhahabu ya Sofala, kuta za Husuni Kubwa, au merikebu za Francisco de Almeida zikitokea mwaka 1505. Ni mambo ya kweli na yanastahili riwaya. Lakini kumbukumbu zenyewe za Kilwa, pale zinapokuwa hai, huzungumzia mlangoni, msikitini na ufukweni.

Mfano ni Ibn Battuta. Alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipaji, kwa jinsi alivyokuwa na mkono wazi. Tungetegemea msafiri yule atueleze habari za biashara. Kinachokumbukwa zaidi ni kisa cha Ijumaa moja. Sultani anatoka kuswali, fakiri kutoka Yemeni anamsimamisha njiani na kumwomba nguo alizovaa. Sultani anakubali. Fakiri anazitaka papo hapo. Basi sultani anarudi msikitini, anaingia nyumbani kwa khatibu, anabadili nguo, na fakiri anazifunga zile zake, anajitwika kichwani na kwenda zake.

Hasan alipokufa, akatawala nduguye Daud, mtu wa tabia nyingine kabisa. Maskini akibisha kwake kuomba, Daud humjibu kwamba yule mtoaji kafariki, wala hakuacha kitu cha kutolewa. Ibn Battuta alikuwa Kilwa enzi za Hasan, kwa hiyo maneno ya Daud yalimfikia baadaye, yakiwa yamepita midomo mingi na bandari nyingi, mpaka kitabu chake kilipoandikwa Morocco katika miaka ya 1350. Maghala ya Kilwa yamekwisha, lakini jibu la bahili limesalia.

Na halijatoka kwenye matumizi. Ingia duka lolote la mtaani, Lindi, Nangurukuru au Kariakoo, utakuta kipande cha boksi kinachotangaza kwamba Bwana Mkopo amefariki. Mahali pengine wameongeza na chanzo cha kifo: ameuawa na Wadaiwa. Mwenye duka hajamsoma Ibn Battuta. Kinachomkutanisha na sultani ni shida ileile: mtu amesimama mbele yako anaomba, huna nia ya kumpa, na hutaki kutamka neno hapana. Mzaha unalitamka kwa niaba yako.

Nimesikia pia mzaha wa namna nyingine, ndani ya boti ya kuvuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani. Kijana mmoja alipekua mifuko yake yote, kisha akamgeukia bibi aliyekaa jirani yake.

"Bibi, shikamoo. Nisaidie nauli, nitakurudishia jioni."

"Marahaba, mume wangu," akasema bibi. "Tangu lini mke akamlipia mume nauli? Shuka uogelee."

Boti nzima ikacheka, nahodha akiwa wa kwanza. Kijana naye alicheka, maana mzaha wa bibi na mjukuu haumvunjii mtu heshima. Bibi akafungua pindo la kanga yake, akatoa pesa, akalipa nauli za watu wawili. Daud alitania ili asitoe. Bibi alitania ili aliyepewa asione haya. Kwa mwandishi wa hadithi, tofauti hiyo moja ina wahusika wawili kamili ndani yake, na niliipata kwa gharama ya nauli tu.

Lakini historia inamtaka mwandishi asiishie kwenye kicheko. Kisa cha zile nguo kina sehemu ya pili ambayo wengi huiruka. Mwana wa sultani alimfuata fakiri akazichukua zile nguo, na badala yake akampa watumwa kumi. Sultani, aliposikia watu wanavyomsifu, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ni watu ishirini waliohesabiwa pamoja na pembe, katika kisa tunachokisimulia kama mfano wa ukarimu. Ibn Battuta hakuwataja majina. Hatujui kama yeyote kati yao aliona jambo la kuchekesha Ijumaa ile.

Ukishaliona hilo, hata mfalme wa ufukweni anabadilika. Tarihi iliandikwa upande wa kisiwa, na anayechekwa ni mtu wa bara. Masimulizi ya Kiswahili yaliyokusanywa Kilwa enzi za Wajerumani yanamwita Mrimba, yanamhusisha na Wamachinga, na yanasema mgeni alimwoa binti yake. Kwa hiyo yule aliyefungiwa maji alikuwa baba mkwe. Binti alikuwa upande gani wa mkondo siku ile? Alimwona baba yake amesimama ng'ambo, akitazama bahari? Tarihi haina sentensi hata moja kwa ajili yake.

Kuna na neno "machinga". Wengi husema limetokana na Wamachinga wa Lindi, vijana walioingia Dar es Salaam wakiuza bidhaa kwa kutembeza. Ukilikubali hilo, basi kabila ambalo hadithi inadai liliuza kisiwa kwa nguo ndilo lililowapa jina wanaozunguka mjini na nguo begani, wakiita wateja. Sijui kichekesho gani cha kubuni kingeweza kukifikia hiki, na mtu anayefukuzwa barabarani na marobota yake hana sababu ya kukicheka.

Pwani hii ya kusini ndiyo iliyomzaa Ebrahim Hussein. Alipoandika Kinjeketile, tamthilia iliyochapishwa mwaka 1969 juu ya vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905 katika milima ya Umatumbi, hakujifunga kunakili kumbukumbu. Alimbuni Kinjeketile wake, mtu mwenye mashaka, aliyeona neno alilolitamka linakua na kumshinda nguvu. Kumbukumbu zilimwambia yaliyotokea, na yeye akauliza mtu yule aliamkaje asubuhi.

Hapo ndipo naiona kazi ya anayeandika hadithi za kubuni. Vichekesho vipo dukani, botini, na kwenye kurasa za tarihi, na kuviokota hakuhitaji kipaji kikubwa, kunahitaji masikio. Kazi ngumu ni kuchunguza nani hacheki, na kumpa nafasi ya kusema. Nami nina rasimu ambayo Mrimba amesimama ufukweni, maji yamejaa, askari wake wameanza kuulizana kwa macho. Mmoja anamsogelea na kumwambia, kwa adabu zote, kwamba labda maji ya leo yamechelewa. Mrimba hamjibu. Anakitazama kisiwa, mahali ambapo jioni hii mwanawe anawasha moto.