Kusoma ramani ya mlima: maji yakishuka yatapita wapi?

Asubuhi ya Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, na kufunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki. Kwa sisi tunaoishi chini ya milima, ramani ya topografia si somo la shuleni tu.

Ramani hii huchorwa kwa mistari iitwayo kontua. Kila kontua hupita sehemu zenye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari. Mistari ikibanana, mlima ni mkali. Ikiachana, ardhi inalala. Tuseme kontua zimepishana kwa mita 20 na skeli ni 1:50,000, yaani sentimita 1 ni mita 500 ardhini. Ukikuta nafasi tano kati ya mistari ndani ya sentimita hiyo, ardhi imepanda mita 100. (Ukikuza picha ya ramani kwenye simu, hesabu ya sentimita inaharibika. Tumia kipimo kilichochorwa chini ya ramani, maana hicho hukua pamoja na picha.)

Sasa tafuta kontua zilizopinda kama herufi V. Ncha ikielekea kwenye namba kubwa, yaani juu, hilo ni korongo au bonde. Ikielekea chini, huo ni mgongo wa mlima. Fuata korongo kwa kidole mpaka pale kontua zinapoachana ghafla. Hapo maji hupunguza kasi na kutua mzigo wake wa mawe na tope. Udongo wa hapo mara nyingi una rutuba, ndiyo maana watu hulima na kujenga papo hapo. Kama nyumba yako ipo kwenye mdomo huo, fahamu mapema utakimbilia upande gani: pembeni, kwenye mwinuko, si kufuata korongo kushuka.

Ramani hizi hutolewa na Idara ya Upimaji na Ramani ya Wizara ya Ardhi. Angalia mwaka wa kuchapwa, kwani nyumba na barabara mpya huenda hazimo. Pia korongo lenye kina cha mita 10 laweza kujificha kati ya kontua mbili. Hilo waulize wazee wa kijiji, wanajua maji yalipita wapi zamani.