Kinō Nani Tabeta?

Kinō Nani Tabeta? (Kijapani, maana yake “Jana ulikula nini?”) ni manga, yaani hadithi ya picha ya Kijapani, iliyotungwa na kuchorwa na Yoshinaga Fumi, mwanamke mzaliwa wa Tokyo wa mwaka 1971. Inasimulia maisha ya wanaume wawili wapenzi wanaokaa nyumba moja jijini Tokyo, na inachekesha kuliko inavyoliza. Ilianza kutoka mwaka 2007 katika gazeti la Morning la kampuni ya Kodansha, na imeshapita juzuu 20. Tafsiri ya Kiingereza imekuwa ikitoka tangu 2014.

Kakei Shirō ana miaka 43 hadithi inapoanza. Ni mwanasheria, mtanashati, mwenye siri na bahili wa kupindukia. Mwenzake, Yabuki Kenji, ana miaka 41, anatengeneza nywele saluni, na ni mwepesi wa machozi na wa maneno. Shirō hapendi kesi zinazomweka ofisini usiku, kwa kuwa jioni ana miadi na supamaketi. Chakula cha watu wawili kimetengewa yeni 25,000 kwa mwezi, na akibakiza chochote hufurahi kama aliyeshinda kesi. Kenji akinunua aiskrimu ya bei mbaya, nyumbani panakuwa na kikao.

Karibu kila sura inapita njia ileile. Jambo linatokea kazini au kwa wazazi, Shirō anapita dukani, anapika, wanakula. Mapishi yanachorwa hatua kwa hatua, vipimo vikiwemo, hata msomaji anaweza kukiweka kitabu kando ya jiko akafuatisha. Wali, supu ya miso, kitoweo, na mboga mbili tatu za pembeni. Kimoja kikiwa na utamu wa sukari na sosi ya soya, kingine lazima kitiwe siki ili ladha zisifanane. Aliyelelewa Bahi au Mpwapwa, ambako mvua ni za msimu mmoja na mlenda huanikwa ukatunzwa kwa ajili ya kiangazi, hahitaji kuelezwa kwa nini mtu mzima anaweza kushinda akiiwazia nusu ya kabichi iliyobaki. Wakati mwingine ugali wa uwele na mboga moja hudai hesabu hiyohiyo.

Utamu wa kitabu umekaa hapo. Hadithi nyingi za mapenzi huishia pale wawili wanapokubaliana. Hii inaanza miaka baadaye, walipokwisha kuzoeana hadi kukerana. Hakuna picha za chumbani, na neno “nakupenda” ni adimu kama mvua ya Septemba. Shirō anapomkumbuka Kenji anamkumbuka kwa chakula: hiki anakipenda, kile kitamfaa akiwa na mafua. Kenji naye hujibu kwa kusifia kila sahani kwa sauti, na sifa hizo, nadhani, ndizo mazungumzo yao ya mahaba.

Kichekesho kinachotajwa sana ni cha tikiti maji. Shirō analitamani tikiti la bei nafuu lakini ni kubwa mno kwa watu wawili. Mama mmoja wa nyumbani, Tominaga Kayoko, analitamani pia. Wanakubaliana kugawana, wanakwenda kulikatia kwa mama huyo. Kisu kikiwa mkononi, mama anashtuka: amemwingiza ndani mwanaume asiyemjua! Shirō, aliyeificha siri yake ofisini miaka yote, anajikuta anaimwaga mbele ya mtu aliyekutana naye kwenye matunda. Tangu siku hiyo ni marafiki wa kugawana bidhaa za jumla.

Kichekesho kingine kinahitaji historia kidogo. Katika miaka ya 1970 wachoraji wanawake wa Japani walianza kuwaandikia wasichana hadithi za mapenzi kati ya wavulana warembo, nyingi zikitokea Ulaya na kwisha kwa huzuni. Hagio Moto alitoa Thomas no Shinzō mwaka 1974, na Takemiya Keiko akaanza Kaze to Ki no Uta mwaka 1976, ambayo mhusika wake mkuu, Gilbert, ni kijana wa kuvunja shingo za wapita njia. Tawi hilo leo huitwa bōizu rabu, kwa kifupi BL, na lina magazeti yake na wasomaji wake, wengi wao wanawake. Sasa, rafiki mmoja wa Shirō anamsifia mpenzi wake kuwa ni Gilbert mtupu. Shirō anakwenda kumwona huyo Gilbert, anakutana na jibaba la ndevu za siku tatu. Jina limemganda hadi leo. Yoshinaga, aliyekulia katika tawi hilo, anawatania wakubwa wake bila kuwavunjia heshima.

Kwa usahihi wa kamusi, basi, kitabu hiki si BL: Morning ni gazeti la wanaume watu wazima. Ndiyo maana kimejaa uzee wa wazazi, pensheni na mirathi. Japani haijatambua ndoa za jinsia moja kitaifa, ingawa mtaa wa Shibuya jijini Tokyo ulianza kutoa vyeti vya uenza mwaka 2015. Wanaume wawili wanaofahamiana na Shirō wanamtaka ushauri wa kuasiliana, mmoja awe mwana wa mwenzake kisheria, ili mali isiende kwa wazazi. Tanzania Bara, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaufanya uhusiano wa kimwili wa aina hii kuwa kosa la kifungo kisichopungua miaka 30, hivyo msomaji wa Kitanzania anausoma mgogoro wa Shirō ofisini kwa macho mengine kabisa.

Kitabu kilipata Tuzo ya Manga ya Kodansha mwaka 2019. Mwaka huohuo TV Tokyo ilikifanya tamthilia, Nishijima Hidetoshi akicheza Shirō na Uchino Seiyō akicheza Kenji. Filamu ikafuata 2021 na msimu wa pili 2023. Anayeanza kusoma akumbuke kuwa kurasa zinakwenda kutoka kulia kwenda kushoto, kama tenzi za zamani zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu.

Wahusika wanazeeka pamoja na wasomaji wao. Shirō ameshavuka miaka 55, daktari ameanza kuzungumzia mafuta mwilini, na ile bajeti ya yeni 25,000, baada ya bei kupanda na mabishano marefu mezani, imesogezwa hadi 30,000.